Kukompaili zlib Ndani ya Visual Studio 2022: Mwongozo Kamili

Biashara yenye duka Kariakoo na matawi Mbagala na Tegeta hutuma kumbukumbu za mauzo kila jioni, mara nyingi kwa bando la simu. Kumbukumbu hizo ni maandishi yanayojirudia: tarehe ileile, tawi lilelile, bidhaa zilezile. Maandishi ya namna hiyo hubanika vizuri mno, na maktaba inayofaa kwa kazi hiyo ni zlib, iliyoandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler na kutoka mara ya kwanza mwaka 1995. Leseni yake inaruhusu kuitumia katika programu ya kuuza bila kulipa chochote. Njia yake ya kubana inaitwa Deflate. Hukumbuka data ya KB 32 zilizotangulia, na kipande kikijirudia huandika umbali na urefu tu badala ya kipande chenyewe. Kisha alama zinazotokea mara nyingi hupewa biti chache kuliko zile adimu.

Kukompaili zlib, yaani kugeuza msimbo wake kuwa msimbo wa mashine, si kazi nzito. Ni faili 15 za lugha ya C, na hata laptop ya mtumba yenye RAM ya GB 4 huzimaliza upesi. Wengi hukwama baadaye, siku ya kuunganisha maktaba na programu yao, na karibu kila mara chanzo ni kutolingana. Maktaba ilijengwa kwa biti 64 na programu ni ya biti 32. Maktaba inatumia aina moja ya runtime (msimbo wa msingi wa C ambao programu huuhitaji ili kukimbia) na programu inatumia nyingine. Au namna ya kuita funksheni inatofautiana. Ndiyo maana tunashauri uijenge mwenyewe badala ya kuokota faili la .lib (maktaba iliyokwisha kukompailiwa) lililojengwa na mtu usiyejua alichagua nini.

Kupata vifaa bila kumaliza bando

Visual Studio 2022 Community, programu ya Microsoft ya kuandikia na kujengea programu, ni ya bure kwa mtu binafsi na mwanafunzi. Acha nafasi ya GB 20 hivi kwenye diski kabla ya kuanza. Katika kisakinishi, kifurushi cha "Desktop development with C++" kina kila kitu, lakini pia kina vitu vingi ambavyo kazi hii haivihitaji. Mwenye bando dogo aende kwenye ukurasa wa "Individual components" achague viwili tu: "MSVC v143 - VS 2022 C++ x64/x86 build tools" na Windows SDK moja (faili za Microsoft za kujengea programu za Windows), ya 10 au ya 11. Hivyo vinatosha kukompaili zlib na programu za kawaida za C.

Kama kuna sehemu yenye intaneti nzuri, chuoni au ofisini, pakua kila kitu huko mara moja ubebe kwenye diski ya nje. Fungua Command Prompt ndani ya folda lenye kisakinishi uandike:

```
vs_community.exe --layout C:\vslayout --add Microsoft.VisualStudio.Workload.NativeDesktop --includeRecommended --lang en-US
```

Anwani ya folda la layout iwe fupi, chini ya herufi 80, la sivyo baadhi ya faili zitashindwa kuandikwa. Folda hilo moja linaweza kusakinisha kompyuta zote za darasa au za ofisi bila kupakua upya.

Chukua msimbo wa zlib kwenye tovuti yake, zlib.net. Mwongozo huu umeandikwa kwa toleo la 1.3.1 la Januari 2024. Matoleo yaliyopitwa huhifadhiwa kwenye folda la "fossils" la tovuti hiyohiyo. Usikubali toleo lililo chini ya 1.2.13 hata kama rafiki analo tayari kwenye flashi. Toleo la 1.2.12 liliziba hitilafu ya usalama kwenye upande wa kubana, na la 1.2.13 likaziba nyingine kwenye kusoma vichwa vya gzip. Baada ya kupakua, hakiki faili:

```
certutil -hashfile zlib-1.3.1.tar.gz SHA256
```

Linganisha matokeo na namba iliyoandikwa kwenye tovuti. Intaneti ikikatika katikati, faili linaweza kubaki pungufu huku jina lake likionekana sawa kabisa. Kisha lifungue kwa `tar -xf zlib-1.3.1.tar.gz`, Windows 10 na 11 zinayo tar tayari. Weka folda mahali pafupi pasipo na nafasi katika jina, kama `C:\kazi\zlib-1.3.1`. Usiliweke kwenye Desktop inayosawazishwa na OneDrive: kila faili la muda litakalozalishwa litapandishwa mtandaoni, na bando litaisha bila wewe kujua.

Kutengeneza projekti ya maktaba

Ndani ya zlib kuna folda `contrib\vstudio` lenye projekti zilizotayarishwa. Hatuanzi nazo, kwa sababu mbili. Kwanza, nyingi zilitengenezwa kwa matoleo ya zamani ya Visual Studio, kwa hiyo utakutana na kosa MSB8020 linalosema zana za kujengea hazipatikani, au MSB8036 kuhusu Windows SDK. Yote mawili yanatibika kwa "Retarget solution". Sababu ya pili ni nzito zaidi: zinawasha `ZLIB_WINAPI`, na madhara yake tutayaona chini.

Fungua Visual Studio, chagua "Create a new project", kisha "Empty Project" ya C++. Ipe jina `zlib`, na solution, yaani kifurushi kinachobeba projekti, uiite `kubana`. Usichague kiolezo cha "Static Library" hata kama jina lake linavutia. Kinakuja na faili la `pch.h` na kulazimisha kila faili kulitumia, na zlib hailijui, kwa hiyo utapata kosa C1010 kwenye kila faili.

Bofya "Source Files" kwa kitufe cha kulia, "Add", "Existing Item", uchague hizi zilizo kwenye folda kuu la zlib:

adler32.c, compress.c, crc32.c, deflate.c, gzclose.c, gzlib.c, gzread.c, gzwrite.c, infback.c, inffast.c, inflate.c, inftrees.c, trees.c, uncompr.c, zutil.c.

Zihesabu ziwe 15. Usichukue chochote kutoka `test`, `examples` wala `contrib`. Mle mna programu zinazojitegemea, kila moja na `main` yake, na zikiingia kwenye maktaba zitagombana na `main` ya programu yako. Faili za .h hazihitaji kuongezwa, kwa kuwa zimekaa folda moja na .c na kompaila itazikuta yenyewe.

Sasa fungua "Properties" za projekti. Ukurasa wa C/C++ hauonekani kabisa hadi projekti iwe na angalau faili moja la .c au .cpp. Ndiyo sababu tumeongeza faili kwanza. Juu ya dirisha weka "All Configurations" na "All Platforms" kabla ya kubadili chochote. Projekti ina mipangilio miwili, Debug ya kutafutia makosa na Release ya kutolea, na majukwaa mawili, x86 ya biti 32 na x64 ya biti 64. Ukisahau, mabadiliko yataingia kwenye Debug ya x64 peke yake, na Release itakusumbua baadaye.

Kwenye "General", "Configuration Type" iwe "Static library (.lib)". Kwenye "C/C++", "Preprocessor", "Preprocessor Definitions", ongeza hizi mbili mbele ya zilizopo, ukizitenga nazo kwa `;`:

```
_CRT_SECURE_NO_DEPRECATE;_CRT_NONSTDC_NO_DEPRECATE
```

Bila hizo, kompaila italalamika kwa C4996 kwamba funksheni kama `open`, `read` na `close` ni za kizamani. Kwa kawaida hilo ni onyo tu, lakini projekti mpya huja na "SDL checks" ikiwa imewashwa, na hiyo hugeuza onyo hilo kuwa kosa linalosimamisha kazi. Msimbo wa zlib hauna tatizo hapo. Majina hayo ni ya POSIX, kanuni za mifumo ya aina ya Unix, na Windows hupendelea yenye mstari wa chini mbele.

Mpangilio unaofuata ndio unaostahili kufikiriwa kwa makini: "C/C++", "Code Generation", "Runtime Library". Chaguo la awali ni `/MD` kwa Release na `/MDd` kwa Debug, ambapo programu hutegemea faili za DLL (maktaba zinazokaa nje ya programu) za Microsoft zilizosakinishwa kwenye kompyuta. Kwa programu itakayobebwa kwenye flashi hadi kompyuta ya dukani isiyo na intaneti, hilo ni balaa: utabofya na kuambiwa VCRUNTIME140.dll haipo. Kwa matumizi hayo chagua `/MT` kwa Release na `/MTd` kwa Debug, ili runtime iingie ndani ya faili la .exe lenyewe. Programu itanenepa kidogo lakini itafunguka popote. Lolote utakalochagua, programu itakayotumia maktaba lazima ichague hilohilo. Hapa utalazimika kuondoka "All Configurations" na kuweka Release na Debug kila moja peke yake.

Bado mambo matatu madogo. Kwenye "Optimization", zima "Whole Program Optimization" ya Release. Ikiachwa, faili la .lib halibebi msimbo kamili wa mashine, na mwenzako mwenye toleo tofauti la kompaila atakutana na kosa C1047. Kwenye "C/C++", "General", weka "Debug Information Format" kuwa `/Z7`, ili taarifa za kutafutia makosa zikae ndani ya .lib na onyo LNK4099 lisitokee ukihamisha faili. Na kwa Debug peke yake, "Target Name" iwe `zlibd`, usije ukachanganya hizo mbili ndani ya folda moja.

Chagua Release na x64 kwenye upau wa juu, kisha "Build Solution". Matokeo yatakuwa `x64\Release\zlib.lib` ndani ya folda la solution. Rudia kwa Debug. Kama kati ya kompyuta za madukani zipo zenye Windows ya biti 32, jenga pia kwa x86. Hapo folda litakuwa `Release` bila neno lolote mbele yake, jambo linalopoteza watu wengi wanaotafuta folda la x86.

Umeme ukikatika katikati ya kujenga, faili za .obj (kila faili la .c likishakompailiwa) zinaweza kubaki nusu, na ukirudi linka, inayoziunganisha, itasema LNK1136, faili limeharibika. Usitafute kosa kwenye msimbo. Chagua "Clean Solution", kisha "Rebuild Solution".

Programu ya kujaribia

Ongeza projekti nyingine ndani ya solution hiyohiyo, tena "Empty Project", jina `jaribio`. Ongeza faili `jaribio.c`, herufi ya mwisho iwe `.c`, kwa sababu ikiwa `.cpp` mstari wa `malloc` utakataliwa.

```c
#include <stdio.h>
#include <stdlib.h>
#include <string.h>
#include "zlib.h"

int main(void)
{
    const char *mstari = "2024-07-07;Kariakoo;sembe kilo 2;4000\n";
    char asili[8192] = "";
    char rudi[8192];
    int i, jibu;

    for (i = 0; i < 100; i++)
        strcat_s(asili, sizeof asili, mstari);

    uLong ukubwa = (uLong)strlen(asili) + 1;
    uLongf mbano = compressBound(ukubwa);
    printf("asili %lu, kikomo %lu\n", ukubwa, mbano);

    Bytef *fungu = malloc(mbano);
    if (fungu == NULL) return 1;

    jibu = compress2(fungu, &mbano, (const Bytef *)asili, ukubwa, 9);
    if (jibu != Z_OK) { printf("kubana: %d\n", jibu); return 1; }
    printf("baada ya kubana %lu, kichwa %02X %02X\n",
           mbano, fungu[0], fungu[1]);

    uLongf nafasi = sizeof rudi;
    jibu = uncompress((Bytef *)rudi, &nafasi, fungu, mbano);
    if (jibu != Z_OK) { printf("kufungua: %d\n", jibu); return 1; }

    if (nafasi == ukubwa && memcmp(asili, rudi, ukubwa) == 0)
        printf("sawa, zlib %s\n", zlibVersion());
    else
        printf("data imebadilika\n");

    free(fungu);
    return 0;
}
```

Kwenye Properties za `jaribio`, "Additional Include Directories" iwe `C:\kazi\zlib-1.3.1`, na "Runtime Library" ilingane na ya maktaba. Kisha bofya "References" kwa kitufe cha kulia, "Add Reference", uweke tiki kwenye `zlib`. Njia hii ni bora kuliko kuandika anwani ya .lib kwa mkono, kwa sababu Visual Studio itachagua yenyewe Debug au Release, x86 au x64. Mwisho, "Set as Startup Project" na Ctrl+F5.

Mstari wa kwanza unapaswa kusema asili 3801, kikomo 3814. Kikomo huzidi asili kwa sababu `compressBound` hukadiria hali mbaya kuliko zote, data isiyobanika kabisa. Kichwa kiwe 78 DA, alama ya zlib kwa kiwango cha 9. Ukibadili kuwa 6 utaona 78 9C. Saizi baada ya kubana itakuwa ndogo ajabu kwa sababu mstari ni mmoja uliorudiwa mara 100. Usimwahidi mteja kiasi hicho kwa mauzo halisi, mpimie kwa data yake mwenyewe.

Makosa na maana zake

C1083, `zlib.h` haipatikani: anwani ya "Additional Include Directories" imekosewa, au umeiweka kwenye Debug na unajenga Release. Kama kinachokosekana ni `zconf.h`, basi kuna mtu aliwahi kuendesha CMake ndani ya folda hilo. Katika toleo hili CMake hubadili jina la faili hilo kuwa `zconf.h.included`. Lirudishe jina lake.

LNK1104, `zlib.lib` haifunguki: maktaba haijajengwa kwa mpangilio uliouchagua sasa, au anwani yake si sahihi.

LNK2038 yenye neno RuntimeLibrary ni `/MT` upande mmoja na `/MD` upande mwingine. Ujumbe wenyewe hukutajia pande zote mbili, usome wote kabla ya kugusa kitu. LNK1112 au LNK4272 ni x86 kukutana na x64.

LNK2019 ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu sababu zake ni nyingi. Tazama majina yaliyokosekana. Kama ni mengi yote ya zlib, maktaba haijaunganishwa kabisa. Kama ni moja au mawili, hesabu tena faili 15, kuna lililosahaulika, likisahauliwa `inffast.c`, kwa mfano, kitakosekana `inflate_fast`. Na ikiwa unajenga kwa x86 na upande mmoja unadai `_inflate@8` huku mwingine una `_inflate`, basi ni `ZLIB_WINAPI`. Alama hiyo hubadili namna ya kuita funksheni, na jina hubeba idadi ya baiti za hoja zake. Iwashwe pande zote mbili au izimwe pande zote mbili. Kwenye x64 namna ya kuita ni moja, kwa hiyo tofauti hiyo hujificha hadi siku utakapojenga kwa ajili ya kompyuta ya zamani.

Miongozo ya zamani itakuambia uongeze faili za .asm na alama za `ASMV` na `ASMINF` ili kuharakisha. Achana nayo. Msimbo huo uliondolewa katika 1.2.12 baada ya hitilafu kuonekana ndani yake.

Programu ikishaanza kukimbia, makosa huja kama namba. -5 kutoka `compress` au `uncompress` kwa kawaida ni nafasi ya kupokelea kuwa ndogo. -4 ni kumbukumbu ya kompyuta (RAM) kutotosha. -3 ni data iliyoharibika, na kwenye Windows chanzo chake mara nyingi ni faili kufunguliwa kwa `"w"` badala ya `"wb"`: kila baiti ya 0A huongezewa 0D mbele yake. Kwa maandishi hilo halina madhara, kwa data iliyobanwa ni uharibifu. Soma kwa `"rb"` vilevile.

Kwa faili halisi za mauzo

`compress2` inataka data yote iwe kwenye kumbukumbu kwa pamoja, na kwenye Windows aina ya `uLong` ni biti 32 hata programu ikiwa ya biti 64. Kwa faili za kazi tumia `gzopen`, `gzwrite` na `gzclose`. Kwa mipangilio ya kawaida kubana hutumia takriban KB 256 za kumbukumbu bila kujali ukubwa wa faili, na kinachotoka ni .gz ambayo mhasibu ataifungua kwa 7-Zip bila programu yako. `gzopen` hufungua faili kwa njia ya baiti yenyewe, kwa hiyo shida ya `"wb"` haipo. Kagua jibu la `gzclose` kila mara, kwa kuwa kipande cha mwisho huandikwa hapo. Diski au flashi ikijaa, huenda kosa likajulikana kwenye mstari huo tu.

Kiwango kiwe 6, ambacho ndicho cha kawaida. 9 hutumia muda mrefu zaidi kwa faida ambayo aghalabu ni ndogo, na kwenye kompyuta dhaifu ya dukani muda huo mwenye duka atauona.

Maktaba ikishapita jaribio, nakili kwenye folda moja `zlib.h`, `zconf.h` na faili za .lib za kila mpangilio uliojenga, kila moja ndani ya folda lake la x86 au x64. Weka hapohapo faili dogo la maandishi lenye toleo la zlib, toleo la Visual Studio, `/MT` au `/MD`, na kama `ZLIB_WINAPI` imewashwa au la. Atakayechukua folda hilo kwa projekti nyingine ataweza kulinganisha mipangilio yake kabla ya kuanza kujenga.